Singida: Mashudu ni Mali ya Nani?

Msafiri atokaye Dodoma kwenda Singida huliacha bonde la Bahi na majaruba yake ya mpunga, akapita Kintinku, kisha gari likaanza kuguna likiupanda ukingo wa Bonde la Ufa. Juu ya ukingo huo upo mji wa Manyoni, na kutoka hapo barabara huelekea kaskazini kupitia Issuna, Ikungi na Puma. Nchi ni kavu na imeinuka. Singida yenyewe iko yapata mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Miti mingi ni ya miiba, na kila baada ya mwendo mfupi huzuka majabali makubwa ya matale, yamepandana kama magunia ghalani. Mvua hunyesha msimu mmoja tu wa mwaka. Ikikatika mwezi wa Aprili, mkulima hana budi kungojea mpaka mwisho wa mwaka kabla ya kuiona tena.

Hata kama msafiri angesinzia njiani, angejua kwamba amefika Singida kwa vitu viwili vinavyouzwa kando ya barabara. Kwanza ni madumu ya mafuta ya alizeti, ambayo jua la mchana huyafanya yang'ae kama asali. Pili ni matenga ya kuku wa kienyeji, kuku ambao sifa zao zimefika hadi masoko ya Dar es Salaam. Mgeni huviona kuwa ni biashara mbili mbalimbali. Mwenyeji anajua kuwa ni ndugu wa tumbo moja, na kinachowaunganisha ni kitu ambacho mgeni huyo angekiita takataka: mashudu.

Makala haya yanahusu mashudu hayo, pamoja na swali linalozidi kuulizwa kila bei ya dizeli inapopanda. Je, mabaki ya mbegu za mafuta yafaa kugeuzwa kuwa mafuta ya kuendeshea mitambo? Wataalamu wa kemia hujibu kwamba yawezekana. Mimi nilikwenda Singida kuangalia jibu hilo lingewafaa nani, na lingemnyima nani.

MJI WA VINU

Mji wa Singida umejengwa baina ya maziwa mawili ya maji ya chumvichumvi, Singidani na Kindai. Upepo hapa haupumziki. Baada ya mavuno, kuanzia mwezi wa Mei au Juni, upepo huo hubeba harufu ya mbegu zinazokaangika kwa msuguano, kwani huo ndio msimu wa vinu. Wakulima huleta magunia kwa malori, kwa mikokoteni ya punda na kwa baiskeli, wakapanga foleni kwenye vibanda vya mabati ambamo mota hunguruma kutwa.

Kinu chenyewe si kitu cha ajabu. Ndani ya pipa la chuma lenye nyufa nyembamba huzunguka parafujo nene. Mbegu huingia upande mmoja, hubanwa na kupata moto, na mafuta huchuruzika chini kupitia nyufa zile. Upande wa pili hutoka vipande bapa vya rangi ya kijivu, vikifuka mvuke na vikivunjika kama mkate mkavu. Hayo ndiyo mashudu. Vinu vidogo havimenyi mbegu kabla ya kuikamua, kwa hiyo ndani ya mashudu hayo mna maganda, mna protini na mna mafuta ambayo kinu kimeshindwa kuyatoa.

Neno mashudu halikuzaliwa Singida. Wazee wa mwambao walikuwa nalo tangu enzi za vinu vya ufuta vya Lamu na Unguja, vilivyozungushwa na ngamia aliyefungwa macho asije akapata kizunguzungu. Mafuta yalikwenda jikoni, na mashudu yalikuwa lishe ya mifugo. Bara tulipata teknolojia nyingine. Mwaka 1985, Mmarekani aitwaye Carl Bielenberg alibuni hapa Tanzania kinu cha mkono, ambacho mtu huvuta mtaimbo mrefu juu na chini ili kuisukuma mbegu ndani ya tundu jembamba. Kinu hicho kiliwawezesha wanakijiji wasio na umeme wala injini kukamua alizeti yao wenyewe. Leo vinu vingi vya mjini ni vya mota, lakini mgawanyo ni uleule wa siku za ngamia: mafuta kwa watu, mashudu kwa wanyama.

Mzee mmoja mwenye kinu alinieleza utaratibu wa malipo, na hapo nikaanza kuelewa kwamba jambo hili si dogo. Katika vinu vingine mkulima hulipa ujira wa fedha, akaondoka na mafuta yake pamoja na mashudu yake. Katika vingine halipi hata senti. Huchukua mafuta, na mashudu hubaki kwa mwenye kinu kuwa ndiyo malipo. Mzee aliyafinyanga mashudu ya moto kiganjani mwake na kuniambia kwa upole, "Mwanangu, ukiviita hivi takataka, basi mimi nalipwa takataka."

NGUVU ILIYOFICHIKA

Wale wanaoyaona mashudu kuwa chanzo cha nishati hawaoti ndoto. Wazo lao lina historia ndefu. Katika Maonyesho ya Dunia yaliyofanyika Paris mwaka 1900, injini aliyoibuni Rudolf Diesel iliendeshwa kwa mafuta ya karanga, na watazamaji wengi hawakutambua tofauti yoyote. Miaka 37 baadaye Mbelgiji Chavanne, wa Chuo Kikuu cha Brussels, alipata hataza ya namna ya kuyabadili mafuta ya mimea ili yaifae injini bila kuiziba. Mwaka 1938 basi la abiria baina ya Brussels na Louvain lilifanyiwa majaribio kwa mafuta hayo. Malighafi yake ilikuwa mawese ya Kongo, nchi iliyokuwa koloni la Ubelgiji wakati huo. Hivyo jasho la wakwezi wa michikichi lilitembea katika barabara za Ulaya kabla ya Vita vya Pili vya Dunia.

Baada ya vita mafuta ya petroli yalikuwa rahisi, na wazo hilo likawekwa kando. Lilifufuka bei ilipopanda ghafula mwaka 1973, na tena mwaka 1979. Wasomaji wenye umri watazikumbuka Jumapili za alasiri ambapo magari binafsi yalikatazwa kutembea ili nchi ibane matumizi ya petroli. Anayeikumbuka mitaa ile iliyonyamaza hahitaji kuelezwa kwa nini taifa lisilochimba mafuta hutamani kuyapata shambani.

Basi, mashudu hugeuzwaje kuwa mafuta ya mtambo? Kuna njia mbili zinazojulikana sana.

Njia ya kwanza ni kuyatoa mafuta yaliyosalia, kisha kuyageuza kuwa dizeli ya mimea. Mafuta huchanganywa na spiriti iitwayo methanoli, pamoja na kiasi kidogo cha kostiki soda, ile inayotumika kutengenezea sabuni. Mchanganyiko hupashwa moto hadi nyuzi 60 hivi za sentigredi na kukorogwa. Ukiachwa utulie, hujigawa tabaka mbili: juu dizeli ya mimea, nyepesi na ya rangi ya chai ya rangi, chini gliserini, nzito na nyeusi zaidi. Kwa kadiri, kilo 100 za mafuta na kilo 10 za methanoli hutoa kilo 100 za dizeli na kilo 10 za gliserini.

Njia ya pili ni kuyachoma mashudu mazima bila hewa, katika tanuri iliyofungwa yenye joto la nyuzi 500 hivi. Kwa kuwa hakuna hewa, hayawaki moto bali huvunjika: sehemu hugeuka mkaa, sehemu gesi, na sehemu moshi mzito ambao ukipozwa huwa kimiminika cheusi. Kimiminika hicho huwaka vema katika tanuri za viwanda. Lakini kina maji mengi, kina asidi inayokula chuma, na nguvu yake kwa kila kilo ni ndogo kuliko nguvu ya dizeli ya kawaida. Mtu akikimimina moja kwa moja katika injini ya lori lake, itambidi amtafute fundi upesi.

Sasa tupige hesabu, kwa maana penye hesabu ndipo maneno mengi huishia. Kinu kidogo cha mota kilichotunzwa vizuri huacha katika mashudu mafuta yapatayo sehemu 7 hadi 12 kwa kila 100 za uzito. Tuchukue 10. Gunia la kilo 50 za mashudu, basi, lina kilo 5 za mafuta. Hata kama tungeyatoa yote bila kupoteza tone, tungepata dizeli isiyofika lita 6. Na kuyatoa yote hakuwezekani kwa kukamua tena. Hutakiwa kuyaosha mashudu kwa kiyeyushi kiitwacho heksani, ambacho hulipuka kwa cheche moja. Hiyo ni kazi ya kiwanda kikubwa chenye walinzi na wahandisi, si ya kibanda cha mabati. Hali kadhalika methanoli haipatikani gulioni. Kwa kawaida hutengenezwa kutokana na gesi asilia, nayo ni sumu inayoweza kumpofua mtu, hata kumwua.

MWENYE KUKU ANASEMAJE

Nyuma ya kinu nilimkuta mama mmoja akijaza gunia. Alikuja kuchukua mashudu ya alizeti yake, na alikuwa akiyachagua kwa makini, akitupa vipande vilivyoota ukungu. Nilimwamkia, naye akanitazama kama mtu anayetazama mwanawe mwenye maswali mengi. Kwake hesabu ilikuwa nyepesi. Huyasaga mashudu, huyachanganya na pumba za mahindi, dagaa kidogo na chokaa, akawapa kuku. Asipoyapata, kuku hujitafutia wenyewe, na kuku anayejitafutia wakati wa kiangazi hutaga kwa kubahatisha. Ada za shule za wanawe hutoka katika tenga la kuku, wala hazitoki katika dumu la mafuta, kwa sababu fedha za mafuta huingia mara moja kwa mwaka na kuku huuzwa kila wiki.

Nilimwuliza angefanyaje kama angetokea mnunuzi anayenunua mashudu yote ya mji kwa ajili ya kutengeneza dizeli. Alinijibu kwa swali: huyo mnunuzi atakula mayai ya wapi?

Swali hilo lina uzito kuliko linavyosikika. Mashudu ya Singida hayaishii Singida. Huenda kwa wafugaji wa kuku na ng'ombe wa maziwa katika miji mikubwa, na mengine huvuka mpaka hadi Kenya. Yai analonunua mfanyakazi wa Ubungo au Temeke lina alizeti ndani yake. Yakipanda bei mashudu, hupanda chakula cha mifugo, na kikipanda hicho, hupanda yai na maziwa. Dizeli isiyofika lita 6 katika gunia ingelipwa na mtoto katika kikombe chake cha asubuhi.

Pia tusisahau kwamba nchi yetu haijajitosheleza kwa mafuta ya kupikia. Sehemu kubwa ya mahitaji tumekuwa tukiagiza kutoka nje. Kama mashudu yana mafuta yaliyosalia, njia ya kwanza ya kuyaokoa ni kukirekebisha kinu: kubadilisha parafujo iliyolika, kukausha mbegu vizuri, kukamua kwa joto linalofaa. Kila tone linalookolewa hivyo huingia katika sufuria ya mwananchi, na mashudu hubaki kwa kuku.

SOMO LA MBONO

Hii si mara ya kwanza kwa taifa letu kukutana na ahadi ya mafuta ya mbegu. Mwanzoni mwa karne hii mti wa mbono kaburi ulipata sifa kubwa. Ni mti ambao wakulima wetu waliupanda tangu zamani kuwa ua wa shamba, na ambao mifugo haiugusi kwa kuwa una sumu. Mbegu zake zina mafuta mengi yasiyolika. Wengi walifikiri kuwa hapo hakuna ugomvi kati ya chungu na injini, kwani hakuna ambaye angetaka kuyapikia.

Huko Engaruka, katika wilaya ya Monduli, chini ya ukingo wa Bonde la Ufa, kijiji kiliwekewa injini ya kuendeshwa kwa mafuta ya mbono ili isage nafaka na kuwasha taa. Wazo lilikuwa jema. Kikwazo kilikuwa mkono wa mchumaji, kwa sababu lita moja ya mafuta huhitaji kilo 4 au 5 za mbegu, na kila tunda huchumwa na kumenywa kwa mkono. Zaidi ya hayo, mashudu ya mbono nayo yana sumu. Hayafai kulishwa mifugo, hufaa kuwa mbolea au kuni tu. Mbegu ya alizeti humlipa mkulima mara mbili, kwa mafuta na kwa mashudu. Mbono humlipa mara moja.

Huko Kisarawe mambo yalikuwa mazito zaidi. Kampuni ya kigeni ilipewa mwaka 2009 zaidi ya hekta 8,000 za ardhi iliyotoka katika vijiji, ili ipande mbono. Mwaka 2011 kazi ilisimama. Vibarua walipoteza ajira, na ardhi haikuwarudia wanavijiji kwa wepesi ule ilivyowatoka. Katikati ya matukio hayo, mwaka 2010, Serikali ilitoa mwongozo wa uendelezaji wa mafuta ya mimea, ambao miongoni mwa mambo yake ni kulinda chakula na ardhi ya wanavijiji. Ndugu msomaji ataona kwamba kosa halikuwa katika kemia. Mbono uliwaka kama ulivyotarajiwa. Swali ambalo halikuulizwa mapema ni nani anayekitumia kitu hiki sasa, na atatumia nini kikishachukuliwa.

TAKATAKA YA KWELI

Je, basi tuseme kwamba hakuna mabaki yoyote ya mbegu za mafuta yanayofaa kuwa dizeli? La, yapo. Lakini hayamo katika gunia la yule mama.

Ukirudi ndani ya kinu, utaona mapipa ambamo mafuta mabichi huachwa yatulie. Chini ya pipa hubaki masimbi, ute mzito mchafu ambao haufai kupikia. Viwanda vinavyosafisha mafuta navyo hutoa mabaki ya sabunisabuni ambayo, yakitiwa asidi, hurudisha mafuta yasiyolika. Masimbi na mabaki haya hayana mnunuzi mkubwa zaidi ya mtengeneza sabuni, na mengine humwagwa mitaroni. Hapa ndipo dizeli ya mimea inapoweza kutafutwa bila kumpokonya mtu kitu, ingawa kazi yake huhitaji uangalifu: mafuta yaliyochacha yakikutana na kostiki hugeuka sabuni kabla hayajawa dizeli, hivyo hapana budi yatayarishwe kwanza.

Chimbuko kubwa kuliko hilo liko mbali na Singida. Liko mijini, katika makarai ya chipsi, ya samaki na ya maandazi. Mafuta yaliyokaangiwa mara nyingi huwa meusi, hutoa povu na moshi, hunata kama gundi, nayo si salama kwa afya ya mlaji. Hata hivyo wauzaji wengi huendelea kuyatumia kwa sababu kuyamwaga ni hasara, na wengine huyamwaga katika mabomba ambako huganda na kuziba. Katika nchi za Ulaya mafuta ya namna hii hukusanywa kutoka katika mahoteli na kugeuzwa dizeli ya mimea kwa wingi. Mafuta hayo yamekwisha kumlisha mtu, na hakuna kuku anayeyangojea.

Kwa familia ya mjini jambo hili huanza na dumu moja lenye kifuniko. Mafuta yaliyochoka yaachwe yapoe, yachujwe kwa kitambaa, yatiwe dumuni bila maji. Mtengeneza sabuni wa mtaani atayapokea leo. Mkusanyaji wa mafuta ya dizeli akipatikana, atayapokea pia. Lisilofaa ni kujaribu kutengeneza dizeli jikoni. Methanoli na watoto havikai nyumba moja.

Akiba haiozi, walisema wahenga, lakini hawakuwa wakisema habari za mashudu. Yakirundikwa mahali penye unyevu huota ukungu wenye sumu na kupata joto lenyewe. Ndiyo maana yule mzee mwenye kinu hapendi yalale kwake. Nilipomwaga, lori lilikuwa limerudi nyuma hadi mlangoni, na vijana wakipakia magunia kwa zamu, wakihesabu kwa sauti. Dereva aliniambia kuwa angesafiri usiku kucha kuelekea Dar es Salaam, kwa wafugaji wa kuku wa Kibaha na Kimara. Mzee aliandika hesabu ya magunia daftarini, akapiga mstari chini yake, na kutoa fedha za luku ya kinu kwa kesho.